Madigadi ya mbele kwa barabara za upepo Dodoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma ukishachachamaa, malalamiko ninayoletewa na waendesha pikipiki ni yale yale: "Dada, pikipiki inanivuta pembeni." Bodaboda wa mjini hawana shida hiyo sana. Wanaolia ni maafisa ugani, wauguzi wa vijijini na watu wa miradi, wale wenye Honda XL na XR au Yamaha DT, pikipiki ndefu ambazo madigadi yake ya mbele imekaa juu, mbali na tairi. Wa karibuni ni afisa ugani mmoja wa Chemba. Alichoka kushindana na usukani, akaingia duka la spea akanunua madigadi mpya, nyekundu, inang'aa. Ikawa mbaya kuliko ile aliyoivua. Aliponitumia picha niliangalia sehemu moja tu, matundu ya bolti, na jibu lilikuwa pale pale.

Rangi na mng'ao, basi, mtajichagulia wenyewe. Mimi nataka tuongee kuhusu upepo, halafu matundu.

Upepo wetu unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Ukitoka mjini kwenda Kondoa unaelekea kaskazini, kwa hiyo unakupiga ubavu wa kulia na kukusogeza kwenye ukingo wa lami. Wakati wa kurudi unakupiga kushoto, na kwa kuwa nchi hii tunapita kushoto, unakusogeza katikati ya barabara, kule linakotokea basi. Watu wengi wanajihadhari wakati wa kwenda na kulegea wakati wa kurudi, wakiwa wamechoka. Fanyeni kinyume. Barabara ya Iringa mambo yanageuka: ukiwa unaelekea Fufu na Mtera ndipo unaposukumwa katikati. Ya Morogoro upepo unakuja usoni, ila kuna malori yanayokwenda Rwanda na Kongo; semi ikipishana na wewe inauziba upepo ghafla, na mkia wake ukishapita unakurudia kwa mkupuo. Mjue pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Ndiyo maana saa tatu asubuhi unaendesha vizuri, saa nane mchana pikipiki ile ile imekuwa ngeni.

Madigadi ya juu imefungwa chini ya shingo ya usukani, na sehemu yake kubwa imetangulia mbele ya mhimili ambao usukani unazungukia. Upepo ukiipiga ile pua kwa ubavu, unageuza na usukani. Ukipenya chini, kwenye ile nafasi kati ya madigadi na tairi, unainyanyua kama ungo, mbele kunakuwa kwepesi. Ukiwa umefunga gunia la mkaa au boksi la chanjo nyuma, wepesi huo unazidi. Madigadi ya chini inafungwa kwenye miguu ya shokapu, imelala juu ya tairi na kuifuata inapopanda na kushuka, na upepo hauna pua ya kushika. Kwa hiyo kwa mtu anayetembea lami ya wazi siku nyingi za juma, jibu langu ni madigadi ya chini.

Kabla hujatoa hela, mwambie fundi akague beringi za usukani na ujazo wa upepo kwenye tairi. Beringi zikiwa zimelegea hakuna madigadi itakayokusaidia. Na ninyi wenye Boxer za kawaida na TVS HLX, madigadi yenu tayari iko chini. Someni sehemu inayofuata mkaikague mliyo nayo, msikimbilie kununua.

Sasa matundu. Madigadi ya plastiki iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi ina bushi ndogo ya chuma ndani ya kila tundu la bolti. Ukikaza, bolti inaibana bushi, na plastiki inabaki imeshikwa bila kupondwa. Kopi nyingi zinazouzwa hapa hazina bushi. Tundu limetobolewa kwenye plastiki tupu, juu yake washa nyembamba, basi. Fundi akikaza sawasawa, plastiki inapondeka. Akikaza kidogo, inacheza. Jua letu linaikausha, rafu ya barabara ya vumbi inaitikisa, na tundu lililokuwa duara linarefuka. Hapo madigadi inaanza kupepea, na ikipepea inautingisha usukani. Upepo uliokuwa unakusukuma upande mmoja, jambo ambalo mkono unalizoea, sasa unakusukuma na kukuachia, kukusukuma na kukuachia. Hicho ndicho kilichompata mtu wetu wa Chemba. Kwenye picha yake matundu yote manne yalikuwa yamerefuka kuelekea nyuma, moja lina ufa unaokimbilia ukingoni, na kuzunguka kila washa plastiki imeingia weupe, ile dalili ya plastiki iliyokunjwa mara nyingi. Nje nyekundu bado inang'aa.

Kupima ni rahisi na hakuna muuzaji anayeweza kukukatalia kwa sababu ya maana. Ingiza ncha ya ufunguo kwenye tundu uzungushe. Chuma utakisikia. Kisha shika madigadi sehemu ya matundu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ipinde pua kushoto na kulia. Kama inakunjika kuanzia pale penye matundu, iache. Ikikunjika kuanzia mbele huko, karibu na ncha, hiyo ina mbavu za kuikaza na inafaa.

Kwa madigadi ya chini kuna chuma kingine cha kutazama, nacho ni daraja: ule upinde wa chuma unaopita chini ya plastiki na kuunganisha mguu wa kulia wa shokapu na wa kushoto. Watu wanadhani kazi yake ni kubeba madigadi. Kazi yake kubwa zaidi ni kuzuia miguu miwili isifanye kila mmoja lake. Pikipiki ya shokapu nyembamba ikikosa daraja, unageuza usukani kurekebisha, tairi inachelewa kufuata, unarekebisha tena, na tayari unayumba. Nimeona mafundi wakilitupa daraja kwa sababu limepata kutu na kufunga plastiki peke yake. Usikubali. Kutu inasuguliwa na kupakwa rangi.

Haya, tupange.

Ya kwanza ni Honda yenyewe. Sifichi, mimi ni mtu wa Honda, na kwenye madigadi sijaona wa kuwashinda: bushi zipo, mbavu zipo, daraja ni la chuma kinene, na plastiki inapinda bila kukatika. Kuitambua, soma lebo. Katika namba za spea za Honda, madigadi ya mbele huanza na 61100, kisha zinafuata herufi au tarakimu za modeli. Ukiambiwa ni orijino na lebo haina namba hiyo, umeshapata jibu. Mwenye XL au XR anayetaka kushuka chini achukue ya modeli ya barabarani ya Honda, lakini apime ringi kwanza. XL nyingi zina ringi ya mbele ya inchi 21, XR 125 na XR 150 ni 19, za barabarani ni 17 au 18. Kutoka 17 hadi 21 ni tofauti ya sentimita kama 10 za kipenyo. Madigadi iliyokunjwa kwa ringi ndogo, ukiilaza juu ya kubwa, ncha zinagusa tairi huku katikati kuna pengo. Mwenye 19 akitafuta ya 18 atafanikiwa. Mwenye 21 asidanganyike na ya 17.

Na kwa kuwa miguu ya shokapu za XL na XR haikuumbwa kwa madigadi ya chini, itabidi fundi wa kuchomelea akutengenezee klempu. Hapa ndipo ninapoomba mtu awe mkali. Klempu zifungwe kwenye sehemu nene ya chini, inayopanda na kushuka pamoja na tairi, kamwe zisifungwe kwenye bomba linalong'aa la juu. Ndani ziwekwe mpira. Zisikazwe mpaka zikaubana mguu wa shokapu. Waya wa breki upite bila kukwaruzwa. Kati ya tairi na madigadi iachwe nafasi ya vidole viwili. Klempu ikiachia ukiwa kwenye mwendo, madigadi inaingia ndani na tairi ya mbele inakwama, na hapo hatuongelei tena upepo. Fundi asiyekubali kuvua tairi ili apime, mwondokee.

Ya pili ni madigadi fupi za juu, zile nyembamba za mtindo wa supamoto (pikipiki za vumbi zilizofungwa tairi za lami), zinazotengenezwa na Acerbis wa Italia na Polisport wa Ureno. Zinafungwa pale pale palipokuwa ya zamani, pua yao ni fupi, na upepo hauna cha kushika. Kwa asiyetaka kuchomelea, hii ndiyo. Ugumu wake ni kuipata: Dodoma hutaikuta rafuni, ni ya kuagiza. Matundu yake mara nyingi itabidi uyapange upya, kwa hiyo chomoa bushi za madigadi yako ya zamani uzitumie.

Ya tatu, orijino ya juu ya pikipiki yako mwenyewe, iwe Honda au Yamaha. Haipunguzi upepo kama hizo mbili, lakini haipepei, na kwa anayeingia Bahi kwenye mashamba ya mpunga au njia za udongo mweusi wakati wa mvua, hana chaguo jingine. Udongo ule ukijaa chini ya madigadi ya chini, tairi haizunguki.

Za faiba zinazoumbwa na mafundi wetu ni ngumu na nyepesi, ila zinapasuka kwenye bolti; dai bushi. Kopi za bei chee, nimeshasema.

Sasa bei, kwa sababu hili linaniumiza. Ukienda na pikipiki yenye namba ya STK au DFP, simamisha mbali uingie kwa miguu. Kuna maduka wakiona namba ya serikali au ya mradi, bei inapanda kabla hujafungua mdomo, kana kwamba hela ya mradi haina mwenyewe. Hela hiyo ni mafuta ya afisa ugani kufika kwa mkulima. Kuna duka moja lilinitajia bei ya madigadi, nikakubali, nikauliza daraja liko wapi, nikajibiwa: "Daraja ni bei yake, dada." Kitu kinachotoka kiwandani kama seti kinavunjwa vipande viwili dukani ili kilipiwe mara mbili. Wengine wanakataza kufungua nailoni mpaka ulipe, wakati kasoro yenyewe imefichwa ndani ya nailoni hiyo. Na ukiomba risiti ya EFD, bei inabadilika tena. Risiti ni haki yako. Bila hiyo, madigadi ikipasuka wiki ijayo utaambiwa hukununua pale.

Wauzaji waaminifu wapo, nawafahamu, na nawanunulia bila kubishana. Dalili yao ni moja: ukiomba kuona matundu wanakufungulia wenyewe na kukugeuzia upande wa chini.

Ukishafunga, zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, bonyeza mbele kwa uzito wako wote uone kama kuna kinachogusa, halafu endesha taratibu mpaka Msalato na kurudi. Ukirudi, kaza bolti tena. Ya zamani usiiuze wala usimwachie fundi. Mvua za Desemba zikianza na kazi yako ikikupeleka kwenye matope, utairudisha, pamoja na bushi zake zote nne.