205/65 kwenye rimu za 5½J: wamenifungia tairi zinazokula gari

Wameniharibia gari, kisha wakanijibu jeuri. Tairi zenyewe sina ugomvi nazo: mpya, kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga njia) kamili, na zile tarakimu nne za ubavuni za tarehe ya kutengenezwa (wiki, halafu mwaka) ni za karibuni. Ugomvi wangu ni na waliozifunga, duka moja la tairi hapa mjini Unguja.

Gari ilikuja na 185/65R15 (185 ni upana kwa milimita, 15 ni rimu kwa inchi) kwenye rimu zilizopigwa chapa 15x5½J, yaani kipenyo inchi 15, upana inchi 5½. Wao wakafunga 205/65R15, eti "pana zaidi, inashika njia". Kwenye njia za mawe za kusini ubavu mrefu ni afueni kweli, hilo siwanyimi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeisoma namba ya kati. Hiyo 65 si milimita, ni asilimia ya upana. Asilimia 65 ya 185 ni milimita 120. Ya 205 ni 133. Kwa hiyo tairi imepanda milimita 13 kila upande wa ekseli, na kipenyo kimetoka 621 hadi 647. Mshale wa spidi ukisoma 80, gari imeshapita 83. Upana nao: 205 ikikazwa kwenye rimu nyembamba kama hii hubaki kama 200, yaani nyongeza ya milimita 15, nusu nje, nusu ndani. Hiyo nusu ya ndani ndiyo balaa, maana huko ndani kuna shokapu, na kikombe kinachobeba springi kimeshuka karibu sana na bega la tairi, pale kashata zinapokutana na ubavu.

Kata usukani mpaka mwisho kwenye raundabauti, usikie mkwaruzo. Plastiki ya ndani ya madigadi imeshatoboka, na ukingo wa tundu umeganda vinyuzi vyeusi vya mpira. Ubaya zaidi uko upande usioonekana: ubavu wa ndani wa tairi ya kushoto una mstari unaong'aa, umezunguka tairi nzima, pale unapolambwa na kikombe cha springi. Bega likisugua plastiki, unapata kelele. Ubavu ukisugua chuma unakatika nyuzi, na siku hiyo tairi inapasuka gari ikiwa mbioni.

Nikarudi kwao. Kijana hakunyanyua hata kichwa: "Mzee, hiyo itazoea." Itazoea nini? Mpira hauzoei chuma! Mwengine akaja na kisu, anataka kuikata plastiki yote. Plastiki ile ndiyo inayozuia tope, mchanga na maji ya chumvi yasirukie nyaya na bati, na kwenye kisiwa hiki bati halihitaji msaada wa kuoza. Kurejesha tairi hawataki, kwa sababu "zishapanda rimu".

Kazi yenyewe ni nyepesi kwa anayejali. Funga tairi moja tu ya mbele, teremsha jeki, paka chaki begani na ubavuni, kata usukani kulia na kushoto mpaka mwisho huku gari inakwenda taratibu. Chaki ikifutika, hiyo tairi haifai, na zile tatu bado hazijaguswa. Kwa nyuma pakia watu wanne upite juu ya tuta, maana gari tupu hudanganya. Rimu nayo isuguliwe kwa brashi ya waya pale mdomo wa tairi unapokaa. Hewa yetu ya bahari huacha unga mweupe kwenye alumini, na upepo hupotelea hapo kidogo kidogo. Halafu maji ya sabuni, upepo usizidi PSI 40 mpaka mdomo ulie ukijikaza kwenye rimu pande zote mbili, na ule mstari mwembamba wa karibu na rimu uonekane sawasawa duara zima. Wangu umezama sehemu moja, yaani tairi haijakaa sawa. Usukani unatetemeka, nao wanaongeza risasi za balansi tu!

Upepo wameniachia 45. Tairi pana kwenye rimu nyembamba tayari imevimba katikati. Ukiizidishia, kashata za kati zinaisha huku za pembeni bado mpya.

Nilisema sina ugomvi na tairi. Naliondoa neno hilo. Kwa 205, rimu ya 5½ ndiyo mwisho wa chini kabisa unaoruhusiwa, na inajionyesha: ukiingia kona ubavu unalala kwanza, ndipo gari ifuate. Anayekushawishi 215/65 mkatalie papo hapo, hiyo inaanzia rimu ya 6. Mwenye hamu ya upana achukue 195/60R15, kipenyo chake 615, karibu sawa na asili. 205/60R15 ina 627, kwa urefu inakubalika, lakini pima kwanza nafasi ya kikombe cha springi, na mimi binafsi siitaki tena hata bure.

Nataka 185 zangu za zamani, zilizokuwa bado na kashata za kutosha. Wanasema wameshaziuza.