Kipimo cha jeni za mishipa ya damu kwa mate: nyota mbili kati ya tano

Nianze na mate, maana sampuli nyingi huharibikia hapo. Usile, usinywe wala usivute sigara nusu saa kabla. Kinachotakiwa ni mililita 2 za mate yenyewe, povu halihesabiki. Likijaa, gonga kichupa mezani lishuke, kisha uongeze. Mate yakigoma, sugua mashavu au fikiria embe bichi la chumvi na pilipili. Kaza kifuniko mpaka dawa ya kuhifadhi iliyo kifunikoni imwagike yote ndani, tikisa sekunde 10. Isipomwagika, vinasaba huharibika njiani na maabara watakuambia sampuli haifai.

Upande huo sina lawama. Shida ni ripoti.

Ukurasa wenye mshale mwekundu ni wa 9p21, eneo la kromosomu ya 9 lililohusishwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mwaka 2007. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, sawa. Kwa sisi wenye asili ya Afrika, uhusiano huo haushiki vizuri. Kipimo hakisomi chanzo chenyewe, kinasoma alama iliyo jirani nacho, na katika vinasaba vya Waafrika ujirani wa namna hiyo umekatikakatika kwa vizazi vingi zaidi. Zile pointi za jumla za hatari zilizoko mwanzoni mwa ripoti zina kasoro hiyohiyo.

LPA, jeni inayoamua kiwango cha Lp(a), aina ya mafuta ya damu yanayodhuru mishipa, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kipimo kinaangalia vidoa viwili tu vya jeni hiyo, na kimojawapo ni adimu kwa Waafrika. Ukipata rangi ya kijani, yaani huna vidoa hivyo, usishangilie: Waafrika wengi wana Lp(a) ya juu bila vidoa hivyo. Pima Lp(a) kwenye damu, mara moja inatosha, kwa sababu kiwango chake huamuliwa zaidi na jeni kuliko chakula. Kuanzia miligramu 50 kwa desilita, mwone daktari.

Nilitafuta PCSK9, jeni inayogusa kiwango cha LDL (kolesteroli mbaya), sikuiona. Ajabu, maana utafiti wa 2006 ulikuta kama asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi wana hitilafu za jeni hiyo zinazoshusha LDL kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Badala yake kuna MTHFR, jeni inayohusika na matumizi ya foliki (vitamini B9) mwilini, na chini yake tangazo la vidonge vya foliki. Ruka.

Jambo jingine: jeni hazikuambii ukuta wa ateri umefikia unene gani. Hiyo ni kazi ya ultrasaundi ya shingo. Hupimwa ukuta wa nyuma, kama sentimita 1 kabla ya ateri kugawanyika. Zaidi ya milimita 0.9 ni mnene, ukifika 1.5 huhesabiwa kuwa utando wa mafuta. Unene huongezeka kama milimita 0.01 kwa mwaka, wakati mkono ulioinamisha kifaa vibaya unaweza kukosea 0.1. Kwa hiyo anayekuambia urudi baada ya miezi sita kuona maendeleo anakula hela yako.

Nyota mbili ni za APOE, jeni ya usafirishaji wa mafuta kwenye damu, inayosomwa sawasawa: aina yake iitwayo e4 hupandisha LDL kidogo. Ila e4 hiyohiyo huongeza hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ripoti hufunguka yote kwa mpigo. Kama hutaki kujua, zima sehemu hiyo kwenye mipangilio ya akaunti kabla ya majibu kutoka.