Uzoefu wangu na ScotlandsPeople: kumtafuta mfumaji wa Kilbarchan katika sensa za zamani

Baba mkwe wangu, mzee wa Glasgow, alikuwa akiwasimulia wanangu kwamba ukoo wao ulitoka kwa mfumaji wa nguo, ila hakujua ni wa kijiji gani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwetu mtoto hutajiwa majina ya mababu zake mapema; sikuridhika kuona wanangu wanaujua upande wangu vizuri na upande wa baba yao nusunusu.

Nilianza na tovuti moja ya kulipia ambayo sitaitaja, nikapoteza majuma matatu, kwa sababu aliyenakili majina alisoma L ya jina la ukoo kuwa S, na kwa kosa hilo moja familia nzima ikawa haionekani. Nilipohamia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya serikali ya Uskoti yenye kumbukumbu za vizazi, ndoa, vifo na sensa za 1841 hadi 1921, jina lilikuwa limenakiliwa sawasawa.

Kutafuta ni bure. Kinacholipiwa ni kuuona ukurasa wenyewe. Nilinunua krediti 30 kwa pauni 7.50, na kila picha ilichukua krediti 6. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kifo cha mtoto wa mfumaji, kwani vyeti vya Uskoti, tangu uandikishaji wa lazima uanze mwaka 1855, hutaja wazazi wote wawili wa marehemu, pamoja na ukoo aliozaliwa nao mama. Cheti hicho kilinifikisha Kilbarchan, kijiji cha wafumaji karibu na Paisley.

Ukurasa wa sensa ya 1841 ulinipa furaha na fumbo kwa pamoja. Mbele ya jina la mume, karani ameandika H.L.W., kifupisho cha hand loom weaver, yaani mfumaji wa kitanda cha mkono (kitanda cha kufumia nguo kinachoendeshwa kwa mkono), na umri wake ni miaka 40. Umri huo si kamili: mwaka ule makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyefikisha miaka 15 hadi kwenye mafungu ya tano. Chini ya watoto, kabla ya kile kimstari cha mshazari kinachotenga familia moja na nyingine, yupo mwanamke wa miaka 65 mwenye ukoo tofauti kabisa. Sensa ile haikuuliza uhusiano wa watu wa nyumba moja, na kuhusu mahali pa kuzaliwa inasema tu kwamba hakuzaliwa katika jimbo lile. Nilidhani ni mpangaji.

Sensa ya 1851 ndiyo iliyofumbua fumbo. Mfumaji sasa ana miaka 54, na bibi yule, mwenye miaka 77, ameandikwa waziwazi kuwa mama mkwe wake, mzaliwa wa Beith, Ayrshire. Ukoo wake ulitofautiana kwa kuwa hakuwa wa ukoo wa mfumaji, bali mama wa mkewe. Nilinyamaza kidogo mbele ya mstari ule: kwa miaka kumi au zaidi, mtu wa kipato cha kitanda cha mkono, wakati ambapo mashine za mvuke zilikwisha kushusha ujira wake, alimtunza mama wa mkewe nyumbani. Binti yao wa miaka 11 naye ana kazi yake, kuzungusha uzi wa mshindio, ule unaopitishwa kukingama kitambaa.

Kwa hiyo namshauri anayeanza alipie 1851 kwanza, kisha arudi 1841. Mimi nilikwenda kinyume na nikakisia vibaya.

Baba mkwe aliniomba nimchapishie ukurasa wa 1851, akawasomea wajukuu jina kwa jina, mpaka la bibi wa Beith. Krediti 12 zilizobaki nimeziweka kwa ajili ya rejista za parokia ya huko, nimtafute na mama yake.