Nimelipia muvi ya marubani wa Japani, maandishi yakanitoroka

Nimeudhika, nawaambia mapema. Nilikodi mtandaoni muvi ya Kajiro Yamamoto kuhusu vita vya Hawaii na bahari ya Malaya, ile ambayo kampuni ya Toho iliitoa Desemba 1942 kwa agizo la jeshi la majini, kuadhimisha mwaka mmoja tangu Japani ishambulie Pearl Harbor, bandari ya jeshi la Marekani huko Hawaii. Hela ilikatwa fasta, hapo hawana shida. Maandishi ya chini yakaja dakika chache, kisha yakapotea moja kwa moja. Mkufunzi anafoka, vijana wamekakamaa mstarini, mimi nasoma midomo ya Kijapani.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kaka mmoja akanijibu: "Si ya vita bosi? We cheki milipuko, maneno ya nini?"

Milipuko! Huyu hajaiona hata robo. Sehemu kubwa ya muvi ni mafunzo: kijana wa kijijini anafinyangwa hadi anakuwa rubani wa kujitoa kwa ajili ya mfalme wake. Propaganda yenyewe imo humo kwenye mawaidha. Ukiyakosa, unachobaki nacho ni vijana watanashati wenye nidhamu, na mwigizaji Setsuko Hara anavyopendeza, na unaweza kumaliza umewapenda tu bila kujua umelishwa nini.

Nilishaamua nyota moja. Halafu shambulio likaanza, na hapo, jamani, yule kaka kidogo anisute. Eiji Tsuburaya, huyuhuyu aliyekuja kufanya madoido ya Godzilla mwaka 1954, aliijenga bandari nzima kwa vimodeli. Jeshi lililoagiza kazi liliwabania siri za meli, wakabaki kukadiria kwa picha za magazeti. (Kumbe kunyimwa ushirikiano hakukuanza na mimi.) Torpedo, lile bomu la kupita majini, inapiga, maji yanapanda juu ya meli na kuanguka taratibu, nikarudisha nyuma, nikatazama tena, nikarudisha tena. Hata uzi mmoja wa kushikilia vimodeli sikuuona. Nikasema basi, nyota nne, yaishe.

Baadaye ukaingia ujumbe: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa." Nikafungua muvi mbio. Maandishi hakuna, na muda wa kukodi umeisha.

Nne ni za Tsuburaya. Nyie mnaokodisha, hata hiyo moja naifuta, na hela yangu naidai.