Rangi ya kuzuia unyevu iliyovimba ukutani kwangu

Rangi hii inatangazwa kuwa kinga ya kuta dhidi ya unyevu, na kampuni iliyoniuzia ndiyo iliyoleta mafundi wake kuipaka katika chumba changu cha kulala. Msimu mmoja wa mvua ulitosha: rangi ilitoa malengelenge kuanzia sakafuni hadi kimo cha karibu mita moja, nayo yalipopasuka yalichuruzika maji, huku plasta iliyokuwa nyuma yake ikiwa imejaa unga mweupe wa chumvi.

Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni majibu ya msimamizi wao, ambaye alikuja baada ya kupigiwa simu mara nyingi, akasimama mlangoni bila hata kuugusa ukuta, akasema, "Mama, huo ni mvuke wenu. Mnafunga madirisha, ukuta unatoka jasho." Mvuke wa nyumbani hugeuka matone mahali palipo baridi zaidi, kwa kawaida kwenye pembe za ukuta na nyuma ya makabati, na hapo huota madoa meusi ya ukungu; hauleti chumvi kutoka ndani ya plasta. Chumvi ile hubebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya matofali, na maji yanapokauka, chumvi hubaki, hujikusanya na kuisukuma rangi. Mtu anayeuza tiba ya unyevu ama haijui tofauti hiyo, ama anaijua na kuificha, na sijui lipi ni baya zaidi.

Nilimwomba tubandike kipande cha nailoni angavu ukutani, tuzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi na kukiacha kwa siku moja au mbili, kwa kuwa matone yakitokea upande wa chumbani chanzo ni hewa, na yakitokea upande wa ukutani chanzo ni ukuta wenyewe. Alicheka, akaniambia kwamba kazi yangu ni kulipa. Nilikibandika mwenyewe. Matone yalijaa upande wa ukutani, nikamtumia picha, na hadi leo hajanijibu.

Haki niitende: rangi hiyohiyo, katika bafu lenye ukuta mkavu na dirisha linalofunguka, haijabanduka wala kuota ukungu, tena hufutika vizuri kwa kitambaa. Kwa hiyo nilikusudia kuandika kwamba bidhaa ni nzuri na ubaya ni wa watu. Lakini nimelisoma kopo upya: mbele, kwa herufi kubwa, inadaiwa kuzuia unyevu, nyuma, kwa herufi ndogo mno, ukuta unatakiwa uwe mkavu kabisa kabla ya kupakwa. Mafundi wao hawakuupima. Hawakutoka hata nje kuona kwamba udongo ulikuwa umerundikana ukutani kupita kimo cha utando wa kuzuia maji uliotandazwa kwenye msingi, hivyo maji yakaupita na kuingia ukutani, jambo ambalo fundi mwashi niliyemwita baadaye aliliona kabla hajaingia ndani. Aliuchimba udongo ukashuka chini ya utando, akaelekeza maji ya paa mbali na nyumba, akabandua plasta yenye chumvi, kisha akaagiza plasta mpya iachwe angalau wiki nne kabla ya rangi yoyote.

Kwa ajili ya bafu nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nabakiza moja, na hiyo ni ya rangi, si ya kampuni, ambayo bado inanidai malipo ya mwisho ya kuufunika ukuta uliolowa.