Kaiseki ya Kyoto: wali ukaja mwisho kabisa

Wangu mlokua mkiniuliza nlikula nini Japani, haya, nimesharudi Amu (Lamu) niko barazani nawaandikia. Nlienda mgahawa wa kaiseki pale Kyoto mwezi wa 11, ni chakula chao cha heshima kinakuja kidogo kidogo sahani baada ya sahani, huchagui kitu, mpishi ndo anaamua kufuatana na msimu. Sisi hapa kusi ikivuma unakula kilichopatikana basi, wenzetu wameifanya hiyo ndo menyu, hata jani jekundu la msimu wao wa majani kupukutika liko juu ya sahani (nusra nilitafune).

Mlangoni unavua viatu kama nyumbani, ndani ni mikeka ya tatami, na ukutani kuna kidaka! Ila si vya kwetu vile vingi vya kupanga mabakuli, chao ni kimoja kikubwa, wametundika maandishi na ua moja tu. Kukaa sasa, ni kama uko kwenye tahiyatu ya swala, umekalia miguu, lakini tahiyatu ya masaa mawili, sahani ya tatu haijafika miguu ishakufa ganzi.

Kilichonimaliza ni supu. Bakuli jeusi lina kifuniko, nkavuta hakitoki, mvuke umekibana, yule mama anayetuhudumia akanionyesha unaliminya bakuli pembeni kwa vidole, likafanya pss, harufu ya ganda la yuzu ikanipiga usoni, ni kama ndimu na si ndimu. Ndani maji matupu unaona mpaka chini, kipande cha samaki na uyoga mmoja. Nkasema hapa nshaibiwa. Nkanywa, nkanyamaza. Kumbe hayo maji ni mwani mkavu na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi akawa mgumu kama gogo, wanampiga randa vile vile kama fundi wa milango, zile taka za randa ndo zinatiwa kwenye maji ya moto. Sisi na ng'onda wetu miaka yote hii hatujawahi kuwaza hivo.

Samaki mbichi nlikula, freshi kweli, ila ile wasabi, kikolezo chao cha kijani kikali, ilinipanda puani machozi yakanitoka mbele za watu.

Lawama yangu ni moja. Nliandika wiki nzima kabla kwamba sili kitu chenye pombe, wakasema sawa. Samaki wa kuchoma akaja anang'aa kwa sosi, nkauliza, yule mama akaenda jikoni akarudi ameinama, imo mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Wakaniletea mwingine wa chumvi tupu, mtamu zaidi, lakini mngejua nlivokaa nkiyafikiria mabakuli yaliyotangulia. Ulizeni kila sahani, msione haya.

Bei yen 15,000, kama shilingi elfu 13 za Kenya, na bakshishi huko hawana desturi nayo.

Alafu wali. Mtu wa Amu nimekaa nangoja wali tangu mwanzo, unakuja mwisho, na achari na supu ya miso (soya iliyochachushwa), umepikwa na njugu fulani kubwa za msituni tamu tamu, na saa hiyo nshashiba! Uliobaki wakaufinyanga matonge wakanifungia, saa 6 usiku chumbani nkayala yote na mikono, miguu nimeinyoosha.