Mara nne gereji, karatasi mbili mkononi: uzoefu wangu na gari la umeme

Nilikusudia kuandika tathmini ya gari, lakini kila nikianza najikuta nikiandika habari za kaunta moja ya kupokelea magari hapa Sacramento, California, na za kijana aliyekuwa nyuma yake. Anayetafuta ukubwa wa betri au kasi ya kuchaji aniwie radhi.

Gari hilo nililinunua jipya. Mara ya kwanza lilizimika alfajiri moja nilipokuwa nikitoka zamu ya usiku, katikati ya barabara kuu namba 80, malori yakinipita kulia na kushoto. Betri kubwa ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12 inayolisha taa, milango na kompyuta za gari, kwa sababu kifaa kinachoichaji kutoka kwenye betri kubwa kilikuwa kimeacha kazi. Dashibodi ikaniagiza nisimame mahali salama, nami sikupaona.

Muuzaji alibadilisha betri ndogo, gari likazimika tena. Nikalirudisha, nikaambiwa ni zima. Kisha ikafika barua ya kiwanda ikisema magari ya aina yangu yarudishwe yawekewe programu mpya bila malipo, nami nikafarijika kuona kwamba kumbe sikuwa nimeota. Programu ikawekwa. Haukupita muda mrefu gari likazimika mbele ya nyumba yangu, likavutwa hadi gereji, ziara ya nne.

Katika ziara ya pili na ya nne, kijana wa kaunta alikataa kunipa karatasi yoyote. Alisema mafundi hawakuona hitilafu, hawakubadilisha kitu, basi hakuna cha kuandika. Akaniuliza kama nina hakika ninajua kulichaji, na aliposikia lafudhi yangu akalirudia swali hilo polepole, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kazini ninashika dawa za wagonjwa kumi na wawili kwa usiku mmoja, na mtu huyu ananifundisha kuchomeka waya ukutani!

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Mombasa tunayeswali naye, ambaye aliwahi kurudisha gari la petroli kiwandani. Nilimsimulia kisa chote kwa uchungu, naye akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, karatasi unazo ngapi?" Nilikuwa nazo mbili.

Sheria ya California kuhusu magari mabovu, ambayo Wamarekani huiita sheria ya limau (kwetu Tanga gari kama hilo ni kimeo, na limau lina heshima yake juu ya samaki), huanza kwa kuhesabu. Ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, gari likipelekwa mara nne au zaidi kwa hitilafu ileile, au mara mbili ikiwa hitilafu yenyewe inaweza kuua au kujeruhi vibaya, au likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria humdhania mtengenezaji kuwa amepewa nafasi ya kutosha na ameshindwa. Anayekosa vigezo hivyo bado anaweza kudai, ila mzigo wa kuthibitisha humwelemea zaidi. Barua ya kurejesha magari peke yake haimpi mtu haki ya kurudishiwa fedha, jambo ambalo mimi nililielewa kinyume kwa miezi kadhaa. Na aliyenunua gari lililokwisha tumika asijitie moyo upesi: mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba salio la dhamana ya kiwanda haliligeuzi gari hilo kuwa jipya mbele ya sheria hii.

Kwa hiyo karatasi mbili nilizonyimwa zilikuwa nusu ya kesi yangu. Sheria za jimbo zinaitaka gereji itoe ankara ya kazi yote iliyofanya, hata ile ya dhamana. Nilirudi, nikakataa kuondoka, nikamtaka meneja. Zilichapishwa kwa muda usiozidi dakika tano, kila moja ikiwa na sentensi moja: hitilafu haikuonekana. Dakika tano!

Nikiri pia yaliyo mema. Fundi aliyelishughulikia gari mara ya tatu alinifuata maegeshoni, akaniambia kwa upole nipige picha dashibodi kila onyo linapotokea, na picha hizo ndizo zilizomaliza ubishi. Mtengenezaji alilinunua gari tena. Wakili sikumlipa hata senti, kwa kuwa sheria humtwika mtengenezaji gharama hiyo mteja anaposhinda. Nilikatwa matumizi ya maili nilizokwenda kabla ya ziara ya kwanza, zikigawanywa kwa 120,000 kisha kuzidishwa kwa bei ya gari: kwa maili 4,800 na bei ya dola 40,000, hiyo ni dola 1,600. Sikulalamika sana, maana maili zile lilikwenda kwa utulivu ambao sijaupata katika gari jingine, na siku nyingine bado nalitamani. Huko liliko sasa, likiuzwa tena, litakuwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachosema kwamba lilirudishwa kwa sheria hii.

Nilianza na nyota moja. Nilipofika kwa yule fundi nikapandisha hadi tatu, kwa sababu gari lilikuwa zuri na fedha nimezipata. Lakini hapa ninapoandika nakumbuka lile swali la kuchaji lilivyorudiwa polepole, neno kwa neno, nami nazirudisha nyota mbili. Iliyobaki ni ya fundi.